Dikembe Mutombo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mtu aliyebishana kuhusu Mutombo kwenye viwanja vingi vya kikapu kuliko inavyostahili. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi swali linalomhusu.

Mutombo ni nani hasa?

Mkongo wa Kinshasa, senta (mchezaji mrefu anayelinda chini ya goli) wa futi saba na inchi mbili (karibu mita 2.18), aliyecheza misimu 18 katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kuanzia 1991 hadi 2009. Alizichezea timu sita: Denver Nuggets, Atlanta Hawks, Philadelphia 76ers, New Jersey Nets, New York Knicks na Houston Rockets. Alichaguliwa mara nane kwenye mechi ya nyota na mara nne alikuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi, mwaka 1995, 1997, 1998 na 2001. Ben Wallace na Rudy Gobert nao wana tuzo nne kila mmoja. Hakuna mwenye tano.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1966 na kufariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58.

Jina lake kamili ni lipi?

Dikembe Mutombo Mpolondo Mukamba Jean-Jacques Wamutombo. Mtangazaji akilisoma lote, timu zimeshabadilishana mpira mara mbili.

Ni kweli alijua Kiswahili?

Ndiyo, Kiswahili huhesabiwa kati ya lugha tisa alizozijua: nne za Ulaya (Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kireno) na tano za Afrika. Lakini tusijipe ukubwa. Yeye ni Mluba, asili ya watu wake ni Kasai, na Kiluba ndiyo lugha ya ukoo. Kinshasa nayo ni mji wa Kilingala. Kiswahili cha Congo kiko mashariki na kusini-mashariki: Goma, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi. Mtoto wa Kinshasa anayekijua amejifunza, hakukikuta mlangoni. Na huyu alikuwa mtu wa kujifunza lugha, maana hata shahada yake chuoni ilihusu isimu na diplomasia.

Alianza kikapu akiwa na umri gani?

Alichelewa. Mpaka alipofika miaka kama 16 michezo yake ilikuwa soka na karate na mambo ya aina hiyo. Baba yake, Samuel, mtu wa elimu, pamoja na kaka yake Ilo ndio waliomsukuma kwenye kikapu, kwa hoja ambayo kila kijana mrefu wa Kiafrika ameshaisikia: urefu wote huu utaupeleka wapi? Ilo mwenyewe baadaye alicheza kikapu cha chuo Marekani.

Mwanzo huo wa kuchelewa unaeleza mengi. Mutombo hakuwahi kuwa mfungaji mwenye mikono laini. Mitupo yake ya ndoano ilikuwa kama mtu anayerusha gunia juu ya lori. Ulinzi, lakini, ni kusoma na kusubiri, na hayo mtu mwenye akili anaweza kuyajua hata akianza ukubwani.

Alikwenda Marekani kucheza kikapu?

Hapana. Hili ndilo jibu ambalo watu wengi hulikosea. Alikwenda mwaka 1987, akiwa na miaka 21, kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID, kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington. Nia ilikuwa udaktari, kisha arudi nyumbani kutibu watu. Alikuwa amesoma Boboto, shule yenye jina pale Kinshasa, akijiandaa kwa njia hiyo.

Kule Georgetown kulikuwa na kocha anayeitwa John Thompson, aliyekuwa ameshamlea Patrick Ewing. Kocha wa namna hiyo haoni mtu wa futi saba na ushee akipita na vitabu halafu akanyamaza. Mwaka wa kwanza Mutombo hakuichezea timu ya chuo. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, ikabidi asome lugha kwanza. Alianza kucheza msimu wa 1988/89, sambamba na Alonzo Mourning, na wanafunzi wakaipa jina sehemu ya jukwaa iliyokuwa chini ya goli kwa heshima ya mipira iliyokuwa inafukuzwa kwenda huko. Katika mechi moja ya 1989 dhidi ya St. John's alizuia mitupo 12.

Udaktari ukaachwa njiani. Isimu na diplomasia zikamalizwa mwaka 1991, na kabla ya kuhitimu alikuwa amefanya kazi kwa vitendo katika Bunge la Marekani na Benki ya Dunia.

“Bloku” ni nini, na kwa nini ina thamani?

Bloku ni kuuzuia mtupo wa mpinzani ukiwa unapanda. Ukishaanza kushuka kuelekea kwenye kikapu, ukiugusa ni kosa na mpinzani anahesabiwa kikapu. Kwa hiyo mlinzi ana muda mfupi sana wa kuupata halali. Mrefu asiyejua wakati wa kuruka ni kivuli tu.

Mutombo alizuia mitupo 3,289. Anayemzidi ni mmoja tu katika historia ya NBA, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, mwenye 3,830. Kwa wanaopenda kubishana: bloku zilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973/74 tu, kwa hiyo za Bill Russell na Wilt Chamberlain hazimo. Hata hivyo, katika hesabu iliyopo, wawili wa juu kabisa ni Waafrika, na wote wawili walichelewa kuanza kikapu.

Takwimu zake nyingine: mechi 1,196, pointi 11,729, ribaundi (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa) 12,359. Ribaundi zinazidi pointi! Mchezaji wa hivyo analipwa kwa ajili ya pointi ambazo wengine hawakuzipata.

Ile picha yake amelala chini ameshika mpira juu ya uso ni ya lini?

Tarehe 7 Mei 1994, Seattle. Ukiwa na nafasi ya kujua hadithi moja tu ya Mutombo uwanjani, ijue hii.

Seattle SuperSonics walikuwa wa kwanza upande wa Magharibi, wameshinda mechi 63, wana Gary Payton na Shawn Kemp, kocha George Karl. Denver walikuwa wa nane, wameshinda 42 na kupoteza 40, timu ya vijana ambao hakuna aliyewadai chochote. Raundi ya kwanza ya mchujo ilichezwa kwa mechi tano wakati ule. Denver wakapoteza mbili za mwanzo. Kila mtu akafunga daftari.

Kisha Denver wakashinda ya tatu nyumbani. Na ya nne. Ya tano ikarudi Seattle, ikaenda muda wa nyongeza, ikaisha 98 kwa 94. Ribaundi ya mwisho aliidaka Mutombo, akaanguka nayo chali, akaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa akiwa anacheka na kulia kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya nane kuitoa timu ya kwanza. Katika mechi hizo tano alikuwa amezuia mitupo 31.

Watu husahau raundi iliyofuata. Denver walikuwa nyuma 3–0 dhidi ya Utah Jazz, wakashinda tatu mfululizo, wakaja kufa mechi ya saba. Kwangu mimi hiyo nayo ni picha, ila hakuna aliyelala chini akicheka.

Kidole kilianzaje?

Kilianza Denver. Akishakuzuia, alikunyooshea kidole cha shahada na kukitikisa taratibu kulia na kushoto, kama mama anayemkataza mtoto kugusa sufuria. Pamoja na sauti yake, nzito na ya kukwaruza kana kwamba inatoka ndani ya mtungi, ujumbe ulifika bila tafsiri.

Wengine waliona ni dharau. Ligi ikawa na mawazo hayo hayo, na waamuzi wakaanza kumpa faulo ya kiufundi. Alichofanya ni cha mtu aliyesoma diplomasia: akaacha kumtikisia mchezaji, akageukia mashabiki na kuwatikisia wao. Kosa likaisha, kidole kikabaki. Mwaka 2013 kidole hicho kikamwingiza kwenye tangazo la bima la televisheni ya Marekani, akifukuza karatasi kwenye pipa la taka na sanduku la nafaka dukani. Kuna watoto wa Marekani waliomjua kwa tangazo hilo kabla ya kumwona akicheza.

Michael Jordan alimfanyaje?

Mara mbili. Novemba 1991, Mutombo akiwa mgeni kwenye ligi, Jordan alikuwa kwenye mstari wa mitupo huru kule Denver. Akamtaja Mutombo, akafumba macho, akatupa. Ukaingia. Mwaka 1997, kwenye mchujo, Mutombo akiwa Atlanta, Jordan alimdanki usoni, yaani aliushindilia mpira kikapuni juu yake, kisha akamrudishia kidole chake mwenyewe. Mutombo alikuwa amejigamba muda mrefu kwamba Jordan hajawahi kumdanki, kwa hiyo deni lililipwa na riba.

Watu wa Mutombo tunalikubali hilo. Mtu anayeruka kuzuia kila mtupo lazima siku moja awe kwenye bango la mwingine.

Viwiko vyake vilikuwa na sifa gani?

Mbaya. Hakuwa mkorofi, ila alikuwa na mikono mirefu na alipogeuka na mpira viwiko vilitangulia. Desemba 2004, akiwa Houston, kiwiko chake kilimvunja LeBron James mfupa wa shavu, na James akacheza na kinyago usoni kwa muda. Wachezaji wenzake hata mazoezini walikuwa wanajiangalia.

Je, alidanganya umri?

Utani huu ulimfuata miaka yote, hasa alipofika 40 na bado anacheza. Hati zinasema 25 Juni 1966. Alikuwa na miaka 25 alipoingia ligi, umri ambao wenzake wengi tayari wana misimu mitatu au minne, na sababu inajulikana: alikuja kusoma, akaanza na lugha, akamaliza shahada. Mwafrika mrefu mwenye sauti ya babu huwa anadaiwa cheti cha kuzaliwa kila anapokwenda. Tuliache hapo.

Alipata ubingwa?

Hapana. Alifika fainali mara mbili.

Mwaka 2001 Philadelphia walimchukua Februari kutoka Atlanta, baada ya senta wao Theo Ratliff kuumia mkono. Allen Iverson alikuwa na msimu wake wa maisha. Walishinda mechi ya kwanza ya fainali ugenini kwa Lakers, kisha wakapoteza nne. Mutombo alikuwa na miaka karibu 35 na kazi yake ilikuwa kumzuia Shaquille O'Neal, ambaye alikuwa katika nguvu zake zote na akawa na wastani wa pointi 33. Wanaosema Mutombo alishindwa fainali ile waseme pia ni nani aliyeweza.

Mwaka 2003, akiwa New Jersey, walifungwa na San Antonio Spurs. Msimu huo aliumia mkono na kucheza mechi 24 tu za kawaida.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha. Kuanzia msimu wa 2001/02 NBA ilileta sheria inayomkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo la goli zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu. Mutombo alikuwa ameijenga nyumba yake hapo hapo. Mwaka uliotangulia sheria hiyo ndio aliochukua tuzo yake ya mwisho ya ulinzi.

Aliachaje kucheza?

Houston ndiko alikomalizia, kuanzia 2004, akiwa senta wa akiba nyuma ya Yao Ming. Februari 2008 Yao aliumia mguu wakati Rockets wameshinda mechi 12 mfululizo. Mzee wa miaka 41 akaingia kuanza mechi, na mfululizo ukafika 22.

Aprili 2009, mechi ya pili ya mchujo dhidi ya Portland, aligongana na Greg Oden na goti likaachia. Akatolewa kwa machela. Usiku ule ule alisema yamekwisha, na yalikuwa yamekwisha kweli. Hawakumwona tena uwanjani. Aliingizwa Ukumbi wa Magwiji wa kikapu mwaka 2015. Atlanta na Denver zote zimeitundika jezi yake namba 55 darini.

Hospitali ya Kinshasa ni yake?

Aliijenga kupitia taasisi aliyoianzisha mwaka 1997, ndiyo, na sehemu kubwa ya fedha zilitoka mfukoni mwake. Mradi uligharimu dola milioni 29 hivi, yeye akatoa zaidi ya nusu. Inaitwa Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, kwa jina la mama yake, iko Masina, pembezoni mwa jiji, na ina vitanda 300.

Sababu ya jina ni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mama yake alipata kiharusi nyumbani Kinshasa. Vita na machafuko vilikuwa vimefunga njia, na hakuweza kufikishwa hospitali. Mwanawe wakati huo alikuwa mmoja wa Waafrika wenye kipato kikubwa kabisa katika michezo, yuko Atlanta, na hela yote ile haikuweza kumvusha mama mitaa michache. Ukilijua hilo, ile habari ya kijana aliyetaka kuwa daktari unaisoma upya.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Jiwe la msingi liliwekwa 2001, ufunguzi ukafanyika Septemba 2006, na wagonjwa wakaanza kupokelewa 2007. Januari mwaka huo Rais George W. Bush alimtaja kwenye hotuba yake ya hali ya taifa, Mutombo akiwa amekaa jukwaani kama mgeni. Alikuwa amepata uraia wa Marekani mwaka 2006.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, aliibeba gharama ya timu ya kikapu ya wanawake ya Zaire iliyokwenda Olimpiki ya Atlanta, jezi na matumizi. Na baadaye akajenga shule nje ya Mbuji-Mayi, Kasai, kwa jina la baba. Mama amepewa hospitali, baba shule.

Mbona hamsemi habari ya dhahabu?

Tunaisema. Mwaka 2011 ndege ilikamatwa Goma katika biashara ya dhahabu iliyoharibika, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kuhusu biashara hiyo. Jina la Mutombo lilitajwa miongoni mwa waliouunganisha mpango. Kwa dhahabu ya Kivu, ambayo imelipia bunduki nyingi, lilikuwa doa, na wasomaji wa Goma na Bukavu wana haki ya kuuliza.

Alikuwa na familia?

Mke wake ni Rose, walioana miaka ya 1990. Mbali na watoto wao, waliwalea pia watoto wa ndugu zake waliofariki. Mwanawe Ryan naye ni senta, na alipitia chuo kile kile cha Georgetown.

Aliugua nini?

Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba anatibiwa uvimbe kwenye ubongo mjini Atlanta. Saratani hiyo ndiyo iliyomwondoa. Siku habari zilipofika, Masai Ujiri, aliyekuwa akiongoza timu ya Toronto na ambaye mama yake ni Mkenya, alikuwa anazungumza na waandishi, na alishindwa kuendelea kwa machozi.

Aliacha nani nyuma yake Afrika?

Wakongo wenyewe ni wengi: Bismack Biyombo wa Lubumbashi, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa, Jonathan Kuminga wa Goma. Biyombo mwaka 2022 alitoa mshahara wake wa msimu kujenga hospitali Congo kwa kumbukumbu ya baba yake. Sidhani alikuwa na haja ya kueleza wazo alilitoa wapi.

Mutombo pia alikuwa balozi wa NBA duniani, akazunguka na kambi za vijana barani, na akaweka fedha zake kwenye NBA Africa mwaka 2021, mwaka ambao ligi mpya ya kikapu ya Afrika ilichezwa Kigali kwa mara ya kwanza.

Na Hasheem Thabeet?

Nilijua litafika. Mtanzania huyo wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009 (pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya), na Memphis, mwaka ule ule Mutombo alioumia goti. Mutombo mwenyewe alikuwa wa nne, 1991. Kufanana kwao si ndoto za Wabongo tu: wote walicheza ukanda wa vyuo uitwao Big East, na kila mmoja alikuwa mlinzi bora wa ukanda huo mara mbili, Mutombo akiwa Georgetown na Thabeet akiwa Connecticut. Thabeet hata ni mrefu zaidi. NBA haikumwendea vile. Kwa mawazo yangu, tofauti kubwa ilikuwa nafasi: Mutombo alifika Denver, timu iliyokuwa inapoteza kila siku, akacheza tangu mechi ya kwanza, akamaliza msimu na wastani wa pointi 16.6 na ribaundi 12.3. Thabeet alifika mahali ambapo tayari kulikuwa na Marc Gasol.

Nianze kutazama mechi gani?

Ile ya tano ya Seattle, 1994. Mara ya kwanza itazame kama shabiki. Mara ya pili usiuangalie mpira. Mwangalie Kemp au Payton anapopenya kuelekea kwenye goli, amwone Mutombo, halafu autoe mpira nje bila kutupa. Hizo hazimo kwenye zile 31.